Siku Jua Liliposimama Rexdale

Jumatano ya tarehe nane Agosti, mwaka 2012, Marcelina Coutinho aliamka saa kumi na mbili asubuhi, akachemsha chai ya tangawizi, akaketi dirishani kwenye kiti cha plastiki. Viti vyake vingine vilikuwa vimeshapelekwa Brampton, mji wa jirani. Kutoka ghorofa ya kumi na moja aliona malori matatu yakiingia kwenye maegesho, na wabebaji wakishuka na kuketi kwenye ukingo wa saruji kula mikate yao. Katikati yao alisimama mwanawe, Dale, amevaa shati jeupe la mikono mifupi na kushika ubao wa karatasi. Dale alinyanyua kichwa akampungia mkono. Marcelina naye akampungia.

Jengo lile lilikuwa na ghorofa kumi na nne, katika kitongoji cha Rexdale, hatua chache kutoka barabara ya Kipling. Marcelina alihamia humo mwaka 1978, yeye na marehemu mumewe Agnelo, miaka minne baada ya kutoka Tanga kuja ughaibuni. Dale alikulia humo. Sasa alikuwa na miaka thelathini na saba na ndiye meneja wa jengo, kwa niaba ya kampuni iliyolinunua mwaka uliopita. Kampuni ilitaka jengo tupu. Ilisema inataka kubadilisha mabomba, kuta na madirisha, na kwamba wapangaji wa zamani wangekaribishwa kurudi, ila hakuna aliyeonyeshwa karatasi yenye maneno hayo.

Wapangaji walikwenda kwenye baraza la nyumba, wakashindwa. Kitu kimoja tu walikipata. Wakili wao aliomba amri iwe na kikomo, na baraza likakubali: jengo lote liwe tupu kabla ya jua kuzama siku ya Jumatano. Jua likizama huku hata familia moja imo ndani, amri inakufa, na kampuni ianze upya kuanzia karatasi ya kwanza. Wakili alikadiria kwamba hilo lingewafikisha salama upande wa pili wa majira ya baridi.

"Kwa hiyo tunachotakiwa kufanya ni kukaa tu," alisema Tahera, jirani wa Marcelina, siku waliposomewa amri.

"Kukaa tu," alisema Marcelina.

Yeye mwenyewe hakutakiwa kufanya lolote. Dale alikuwa ameshampakia rangi chumba cha chini nyumbani kwake Brampton, akamwekea zulia na msalaba ukutani. Alimwambia habari hiyo kwa Kiingereza, lugha aliyomjibia siku zote ingawa mama yake alimsemesha Kiswahili. Marcelina alimuuliza kama kazi ile lazima aifanye yeye.

"Nisipofanya mimi, Mama, atafanya mwingine," alisema Dale. "Na huyo mwingine hatakupakia rangi."

Wabebaji walianza ghorofa ya juu wakashuka. Walikuwa watu wenye adabu. Walifunga vikombe kwa magazeti. Watu wengi hawakubishana nao. Walitoka na magodoro yao wakasimama kwenye majani kando ya Kipling wakisubiri magari ya ndugu. Lakini kufikia saa kumi alasiri zilibaki familia tano zilizoamua kukaa, na hao Marcelina aliwapeleka kwenye chumba cha kufulia nguo.

Chumba hicho kilikuwa chini kabisa ya jengo, nyuma ya tangi la maji moto. Kilikuwa na mlango wa chuma na hakikuwa na dirisha. Mashine zake zilikufa zamani, kampuni ikaweka nyingine ghorofa ya kwanza, na hata ramani mpya za jengo hazikukionyesha tena. Ufunguo alikuwa nao Marcelina, tangu enzi alizokuwa mwakilishi wa wapangaji. Waliingia Tahera na mumewe Nazir, mabinti zao wawili na baba yake Tahera, Mzee Mohamedraza. Akaingia Farhat, mjane aliyekuwa akitunza wazee Etobicoke. Ikaingia familia ya Wakongo ya watu saba. Wakaingia ndugu wawili kutoka Kisumu. Na mwisho bibi mmoja wa Kisomali na mjukuu wake. Marcelina aliwafungia kwa nje, kama walivyopatana, akapanda zake juu.

Ilikuwa Ramadhani, na watano kati ya watu wale walikuwa wamefunga. Jua lilitarajiwa kuzama saa mbili na dakika thelathini na moja.

Saa mbili na robo Marcelina alimshushia Dale kikombe cha chai. Alimkuta kwenye maegesho pamoja na maofisa wawili wa kusimamia amri. Nyumba zote zilikuwa tupu, lakini majina ya familia tano yalikuwa hayajawekewa alama, na mmoja wa maofisa alikuwa akiangalia saa yake kila mara. Wabebaji walikuwa wamefungua kila kabati na kila choo.

"Hawajatoka," alisema ofisa. "Kamera ya mlangoni ingewaona. Wamo humu."

Dale alipokea chai, akaiweka juu ya boneti ya gari bila kuinywa. Akatembea hadi mwisho wa maegesho, pale ambapo paa za maghala huonekana na ndege hushuka. Jua lilikuwa kiasi cha upana wa mkono juu ya paa hizo.

"Wewe jua," alisema Dale, "simama hapo hapo. Sijamaliza kazi."

Alisema kwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha Tanga, cha mama yake, na Marcelina hakuwa amemsikia akikitumia tangu siku ya kumzika Agnelo. Jua lilisimama.

Ofisa alisubiri hadi saa mbili na dakika thelathini na moja. Alipoona bado linamwakia usoni, aliandika kwenye fomu kwamba siku haijaisha, akamwomba Dale atie sahihi pembeni. Wabebaji waliuliza kama wataletewa chakula. Mwezi, ambao zamu yake ya kuchomoza ilikuwa haijafika, ulibaki huko huko uliko.

Marcelina alirudi dirishani kwake, ingawa kwenye fomu jina lake lilikuwa limeshawekewa alama ya kutoka. Alikuwa amemfundisha mtoto habari zile mwenyewe, jikoni humu humu, Dale akiwa na miaka saba. Alimwagia mezani punje za mchele zikawa jeshi la Waisraeli, na dengu zikawa wafalme watano wa Waamori. Alimweleza jinsi Yoshua alivyopanda usiku kucha kutoka Gilgali, jinsi mawe yalivyoanguka kutoka mbinguni, na jinsi jua lilivyosimama karibu siku nzima ili watu wa Mungu wapate kumaliza. Dale alisikiliza sana. Kisha akauliza kama dengu nazo zilijua kwamba jua limesimama. Marcelina alimwambia amalize chakula.

Saa nne, kwa mujibu wa saa ya ukutani, mwanga ulikuwa ule ule. Rexdale peke yake ndiyo iliyokuwa na jua. Kule Brampton giza liliingia kwa wakati wake, na madereva waliotoka huko walizima taa walipovuka barabara kuu. Mabasi ya Kipling yalifuata ratiba ya usiku. Watu wa zamu ya usiku walishuka vituoni, wakajikinga macho kwa viganja, wakaenda zao maghalani. Watoto waliendelea kuendesha baiskeli kwa sababu mama zao waliwaambia wacheze mpaka kuingia magharibi.

Marcelina alishuka na jagi la maji kwa ngazi za nyuma. Ndani ya chumba cha kufulia joto lilikuwa kama la tanuri. Wasiofunga walikunywa. Watoto walikunywa. Waliofunga waliuliza habari za jua.

"Limesimama," alisema Marcelina.

"Kwa muda gani?" aliuliza Nazir.

"Halijasema."

Tahera alimpigia simu alimu wa msikitini kwao, aliyekuwa akiishi Thornhill, nje ya Rexdale, na alikuwa ameshafuturu, ameshaswali, na alikuwa kitandani. Alimu alisema kila mtu hufuturu kwa jua la mahali alipo. Akasema mgonjwa na mwenye kushindwa wafungue, watalipa siku nyingine. Farhat alifungua. Tahera na Nazir walifungua kwa maji ya jagi. Bibi wa Kisomali alifungua, akalia kidogo. Mzee Mohamedraza alikataa.

"Mimi si mgonjwa," alisema. Alikuwa na miaka sabini na sita, ameegemea mashine ya zamani ya kukaushia, na kofia yake iko sawasawa kichwani.

Marcelina aliketi kando yake sakafuni.

"Ni mwanao aliyelisimamisha?" aliuliza Mzee.

"Ni yeye."

"Kwetu nasi tunazo habari hizo. Nabii Yusha bin Nun. Ilikuwa Ijumaa, vita havijaisha, na Sabato inakaribia. Akaliomba jua lingoje."

"Na likangoja."

"Likangoja." Mzee alilamba midomo, lakini ulimi nao ulikuwa mkavu. "Nimezisikia tangu mtoto, Bi Marcelina, na kila mara nilikuwa upande wa Yusha. Sikupata kujiuliza siku ile ilikuwaje kwa waliokuwa wakingoja giza waokoke."

Marcelina alimwambia naye hakupata kujiuliza. Mzee akamsimulia nyumba yake ya Moshi, ambayo serikali iliichukua mwaka 1971 kwa barua ya mistari minne. Miaka kumi baadaye alipita mbele yake, na mama aliyepewa akaishi humo akamkaribisha ndani, akamnywesha chai kwa kikombe ambacho Mzee alikijua ufa wake.

"Na kabla ya nyumba yenu palikuwa na nini?" aliuliza Marcelina.

"Kihamba, shamba la ukoo wa Wachaga. Migomba. Babu yangu alikipata kwa Mjerumani."

"Na wenyewe?"

"Sikuwahi kuuliza. Wala yule mama hakuniuliza mimi."

Tahera aliwaambia wanyamaze, nyayo zilikuwa zikipita juu.

Kufikia saa kumi na mbili, ambayo mahali pengine ilikuwa asubuhi ya Alhamisi, wabebaji walikuwa wamelala kwenye kivuli cha malori na wengine wamekuja kushika zamu. Walipima kuta kwa kugonga. Kampuni ilipiga simu mara tatu, na kila mara Dale alijibu kwamba bado kuna mwanga wa kutosha. Ngozi ya pua yake ilikuwa imebabuka. Hakuwa amekaa wala kuingia kivulini. Alikuwa pale pale mwisho wa maegesho, kama anayehofia kwamba akiligeuzia jua mgongo litamponyoka.

Alimwona mama yake akivuka na jagi.

"Unapeleka wapi maji, Mama?"

"Namwagilia maua."

"Maua yako yako Brampton."

Marcelina alipita zake. Dale hakumfuata. Aliangalia tu jagi mpaka lilipopotea nyuma ya mlango, kisha akayarudisha macho yake magharibi.

Mchana ambao saa ziliuita mchana ulipita, na jua halikupanda wala kushuka. Saa tisa, Mzee Mohamedraza alianza kuzungumza na mkewe aliyezikwa Moshi. Tahera alimlowesha nywele. Nazir alimshika taya akajaribu kumtilia maji kwa kijiko, na Mzee, ambaye hakuwa na nguvu ya kunyanyua mkono, alikuwa na nguvu ya kufunga meno.

"Baba, alimu ameruhusu," alisema Tahera. "Mungu mwenyewe ameruhusu."

"Nitafungua likizama," alisema Mzee waziwazi. "Mwambieni kijana aliachie."

Marcelina alipanda. Alikuwa na miaka sitini na sita, na ngazi zile zilimchukua muda. Alimkuta Dale na macho mekundu.

"Liachie jua lizame," alimwambia.

"Likizama nimeshindwa."

"Ushindwe, basi. Baba yako alishindwa mara ngapi, na tulikula?"

"Mama, nimeshaliambia lisimame. Siwezi kuliambia lizame na watu bado wamo. Halitanisikia." Alisema haya kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, na Marcelina aliona kwamba alikuwa akisema kweli. "Halisimami kwa ajili yangu. Linasimama mpaka kazi iishe. Wewe ndiye uliyeniambia hivyo."

"Mzee Mohamedraza atakufa. Amefunga tangu saa kumi ya alfajiri ya jana."

"Yuko wapi?"

Ndege ilishuka juu ya maghala, na kivuli chake kikapita juu yao wawili. Marcelina alifikiri juu ya mabinti wa Tahera, na majira ya baridi, na ahadi aliyowapa wakati anafunga mlango ule. Alifikiri pia juu ya meno ya Mzee yaliyofungwa. Alisubiri fikra moja iishinde nyingine, na hakuna iliyoshinda.

"Chumba cha zamani cha kufulia," alisema. "Nyuma ya tangi." Aliyasema polepole, kama anayemwelekeza mgeni, akautoa ufunguo mfukoni na kuuweka juu ya ubao wa karatasi.

Waliwatoa mmoja mmoja. Hakuna aliyepigwa. Wakongo walitoka wakiwa wameshikana mikono kwa urefu wa familia nzima. Farhat alitoka na begi lake la kazi, na ndugu wa Kisumu walimbeba bibi wa Kisomali. Mzee Mohamedraza alitolewa na Nazir na mbebaji mmoja, juu ya kiti cha plastiki cha Marcelina, ambacho mtu alikuwa amekishusha kutoka juu. Tahera alipita mwisho. Alimwona Marcelina, akaona mlango uko wazi na ufunguo uko wapi, akaendelea kutembea.

Ofisa aliweka alama ya tano. Dale akafunga mlango wa mbele kwa mnyororo. Hakusema neno lolote kwa jua. Lilishuka lenyewe nyuma ya maghala, na lilipomalizika, saa ya ofisa, iliyokuwa imesimama tangu jana bila yeye kugundua, ilionyesha saa mbili na dakika thelathini na moja.

Pale majanini kando ya Kipling, Nazir aliadhini kwa sauti ya kawaida. Mzee Mohamedraza alifungua meno. Alikunywa kikombe kizima cha maji, akaomba cha pili, akauliza kama kuna tende. Bibi wa Kisomali alikuwa nazo. Walikula wakiwa wamezungukwa na magodoro, na Marcelina alisimama upande wa pili wa uzio akiwatazama mpaka giza likawafunika.

Usiku ule ulikuwa wa urefu wa kawaida, na asubuhi yake ikawa Ijumaa. Watu wa Rexdale waliokuwa na miadi ya Alhamisi waliambiwa na madaktari na walimu waje wiki inayofuata. Alimu alitoa hukumu kwamba ile ilikuwa saumu moja. Familia tano zilitawanyika. Tahera na wake walipata vyumba viwili Crescent Town, upande wa pili wa jiji, na Nazir akawa anabadilisha mabasi matatu kufika ghalani. Marcelina aliishi Brampton. Dale alipewa jengo la pili la kusimamia. Walikula pamoja kila jioni wakizungumza habari za mvua na za barabara.

Mwezi Oktoba Tahera alipiga simu. Walikuwa hawajasemezana tangu siku ile.

"Mama Dale," alisema, "tumekwenda tena kwenye baraza. Tunasema siku ile haikuwa siku, ilikuwa siku mbili. Wakili anataka shahidi ambaye si mmoja wetu."

"Baba hajambo?"

"Hajambo. Hanyanyui vitu. Utakuja?"

"Nitakuja."

Dale ndiye aliyempeleka kwa gari, kwa sababu naye aliitwa, upande wa kampuni. Njiani alimuuliza kama anasikia baridi, akapandisha joto la gari.

Chumba cha baraza kilikuwa na zulia la kijivu na bilauri za karatasi. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, na alimkaribisha Marcelina kwa upole, akamletea mkalimani ingawa hakumhitaji. Marcelina aliamua kumtumia. Alieleza yote kwa Kiswahili: malori, ufunguo, jagi la maji. Alieleza kwamba alimwona mwanawe akiliambia jua lisimame, na kwamba lilisimama kwa karibu siku nzima. Alieleza kwamba yeye ndiye aliyewaficha watu wale, na yeye ndiye aliyewatoa. Hakumtazama Dale, na Dale alikuwa akiitazama meza.

Wakili wa kampuni alisema hawana ubishi kuhusu jua. Lilisimama, kila mtu aliliona. Alichoomba ni aonyeshwe kifungu kinachokataza. Mwenyekiti alipekua vitabu vyake viwili kwa muda mrefu, hata mkalimani akapata kumaliza bilauri ya maji. Kisha akavua miwani.

"Mama Coutinho," alisema, "nina swali moja tu. Mtu wa mwisho alipotoka ndani ya jengo, jua lilikuwa limezama?"

Marcelina aliwatazama watu waliokuwa wamekaa benchi la nyuma. Tahera alikuwa ameinamisha kichwa. Mzee Mohamedraza alikuwa amekaa wima, na alimtikisia kichwa kidogo, kama kumwambia aseme kilicho kweli.

"Halikuwa limezama," alisema.

"Asante sana, mama."

"Walikuwa wamefunga," alisema Marcelina. "Waandikie na hilo. Walikuwa wamefunga."

Mkalimani alitafsiri. Mwenyekiti aliliandika na hilo, kwa mwandiko mzuri, chini kabisa ya ukurasa, kisha akapiga mstari na kuita kesi iliyofuata.